Redio koli na skana katika viwanja vya Sikukuu: kipi kizuiwe mlangoni?

Jioni za Sikukuu, viwanja vya watoto vya Kariakoo mjini Unguja na vya Tibirinzi kule Chake Chake hufurika kiasi kwamba mzazi mwenye watoto watatu hajui amfuate yupi. Simu ya mkononi huanza kusumbua saa hizo hizo, kwa kuwa minara huelemewa na watu wanaopiga na kutuma picha kwa pamoja. Hapo ndipo linapoingia wazo la kuja na redio koli, zile ambazo wengine bado wanaziita simu za upepo, na likishaingia hilo huja na swali gumu zaidi: je, mwenye skana, yaani chombo kinachopekua masafa ya redio na kusikiliza yanayosemwa humo, naye apite?

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1996 Marekani ilianzisha huduma ya FRS, redio za kifamilia zisizohitaji leseni, na familia zikawa zinakwenda nazo katika bustani kubwa za burudani kama Walt Disney World ya Florida kabla ya simu za mkononi kuenea. Wapenzi wa redio nao walibeba skana ili wasikie wafanyakazi wakiarifiana kuwa mchezo fulani umesimama, wakaepuka kupanga foleni bure.

Wanaotetea redio koli wana hoja yenye uzito. Chombo hiki hakitegemei mnara, hakili salio, na mtu akibonyeza kitufe kimoja wenzake wote humsikia papo hapo. Mama aliyekaa kwenye jamvi na kitoto kichanga atauliza, "Mdogo wenu yuko na nani?" na baba kabla hajajibu, kaka mtu atadakia, "Niko naye mimi, mama, tunangojea zamu ya bembea." Redio ya nusu wati inatosha kwa kiwanja kizima, ingawa anayeichukua hadi Mji Mkongwe ataona inavyokatika baada ya vichochoro viwili vitatu, kwa sababu ya kuta nene za mawe na chokaa.

Tatizo huanza pale redio inapokuwa si ya nusu wati. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu, Baofeng UV-5R ikiwa mfano unaojulikana zaidi, zina nguvu ya wati 4 hadi 5 na zinaweza kurusha sauti popote kati ya masafa ya 136 na 174 MHz bila kumuuliza mtumiaji ana ruhusa gani. Ndani ya upana huo imo chaneli 16 ya baharini, 156.8 MHz, ambayo vyombo vya bahari duniani kote huitumia kuitana na kuomba msaada. Kwetu hili si jambo la vitabuni. Kutoka Forodhani, ambako familia hukusanyika usiku, hadi Bandari ya Malindi ni mwendo mfupi wa miguu, na katika redio zinazotumia mfumo wa FM, kama hizi, mawimbi yenye nguvu huyafunika yaliyo dhaifu, kwa hiyo mtoto anayeng'ang'ania kitufe kwa mchezo anaweza kuwazuia walio bandarini wasimsikie nahodha aliye mbali. Visiwa vilivyozika watu wa meli zilizozama, MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, havina sababu ya kulifanyia mzaha jambo hilo.

Kuhusu sheria, posta na simu ni mambo ya Muungano, hivyo masafa haya yako chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, huku Tume ya Utangazaji Zanzibar ikishughulika na vituo vya utangazaji. Redio ya kifamilia iliyoletwa na shangazi kutoka Marekani hutumia masafa ya 462 na 467 MHz, na iliyotoka Ulaya hutumia 446 MHz. Uhalali wa kule hausafiri pamoja na mzigo.

Skana inaugeuza mjadala wote. Hairushi chochote, haiwezi kumfunika nahodha wala mlinzi wa geti, na kwa kipimo cha usumbufu pekee ndiyo isiyo na hatia. Watetezi wake huongeza kwamba kusikiliza ni shule, na hapo wana haki: mafundi wengi wa mawasiliano walianza kwa kupekua masafa usiku. Lakini Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inaruhusu kumiliki skana ila inakataza kuitumia kusikiliza ujumbe usiokuhusu bila idhini. Familia nyingi hazijui kuwa zile zinazoitwa namba za faragha kwenye redio koli hazifichi kitu: huifanya redio yako inyamaze mpaka isikie toni yake, lakini mwenye skana husikia kila neno. Mlinzi akitangaza kwenye chaneli ya wazi kuwa kuna mtoto wa kike wa miaka mitano, gauni la manjano, analia karibu na geti la nyuma, hajui ni nani mwingine aliyesikia na anaelekea huko.

Hata hivyo, siamini kuwa upekuzi mlangoni utatibu hilo. Siku hizi kipokezi kidogo kama flashi, kikichomekwa kwenye simu yenye programu inayofaa, hufanya kazi ya skana, na atakayekamatwa ni kijana mkweli aliyeshika chombo chenye antena ndefu, wakati mwenye nia mbaya anapita na simu yake mkononi kama watu wote. Kwa maoni yangu, geti liziruhusu redio za nusu wati zenye chaneli maalumu na zilizoidhinishwa na TCRA, na zenye masafa mapana zibaki nyumbani. Anayeonekana akisikiliza chaneli ya walinzi atolewe kiwanjani, lakini mzigo mkubwa uwe kwa wenye kiwanja: wakiweza, wanunue redio za kidijitali zenye usimbaji, yaani zinazoficha maneno ili skana isiyaelewe, na hata wasipoweza, mlinzi aliyempata mtoto ampeleke kibandani kwanza, ndipo aseme redioni kuwa kuna mgeni mmoja anasubiri wenyewe, bila kutaja jina wala rangi ya nguo.