Likasi si ya vilio tu

Mwambie mtu wa Lubumbashi kwamba mwisho wa juma hili unaenda Likasi, atakuuliza swali moja: "Yaya, kuko kilio?" Kama hakuna kilio, yaani msiba, basi kuna arusi, au kuna deni la kudai, au kampuni imekutuma. Kwenda Likasi kutembea tu, kulala huko, kula vizuri na kuangalia milima, jambo hilo halimo katika hesabu zetu. Konji, yaani likizo, ikifika, mwenye pesa anapanda ndege ya Kinshasa. Mwenye pesa zaidi anavuka Kasumbalesa kwenda Ndola na Lusaka, anapitiliza Dar es Salaam, au anaruka mpaka Dubai. Wengine tunabaki nyumbani tukisema nchi hii haina pa kutembelea.

Mimi sikubali. Miji ya Katanga ya zamani, kuanzia Likasi mpaka Kalemie kwenye ziwa, inastahili konji yetu, na kinachotuzuia kuiona ni namna ilivyozaliwa. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliundwa 1906, reli ikafika Lubumbashi 1910, na tangu hapo karibu kila mji kwenye njia hiyo ulipata uhai kwa sababu ya mgodi, bohari au makutano ya reli. Babu zetu walifika huko na mkataba wa kazi. Baadaye Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ikawahamisha wazazi wetu kutoka Kipushi kwenda Kambove, kutoka Kambove kwenda Kolwezi, na watoto na masufuria nyuma yao. Tumerithi jicho la mwajiri: mji una thamani kama una kazi, na kazi ikipungua tunasema mji umekufa. Nimesikia watu wazima wakisema hivyo juu ya Likasi. Mji ambao asubuhi watoto wa shule wanajaza barabara nzima, umekufa vipi?

Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka kwetu, kwenye lami ya barabara ya taifa namba 1. Ondoka mapema, kabla malori ya shaba na kobalti hayajabana njia. Pembeni utaona magunia ya makala, yaani mkaa, yaliyopangwa, na mvua zikianza, akina mama wenye mabeseni ya uyoga na masuku, matunda ya porini. Usipite Kapolowe bila kusimama. Samaki wanaouzwa hapo wametoka ziwa Tshangalele, ambalo si la asili: lilitokea baada ya mto Lufira kuzuiwa Mwadingusha, kiasi cha mwaka 1930, ili viwanda vya shaba vipate umeme. Watu wa migodi walitaka nguvu ya mitambo tu, lakini bonde likapata ziwa na ndege wa majini na wavuvi, na leo ni hao wavuvi wanaolisha wasafiri wa barabara hii.

Kuhusu Likasi yenyewe, kitu cha kwanza ni vilima. Sisi wa Lubumbashi tumekulia kwenye tambarare. Kilima chetu kikubwa ni lile rundo jeusi la takataka za kiwanda karibu na bomba la moshi. Likasi barabara inapanda, inashuka, na ukifika juu unaona mapaa na miti chini yako. Tembea kwa miguu. Acha manseba, wale wabeba abiria, na pikipiki zao wakuite, wewe endelea. Nyumba za zamani za wafanyakazi bado zimesimama, zenye baraza za mbele, nyingine zimepakwa rangi upya, nyingine zimeachwa, na ukiangalia ukubwa wa nyumba na umbali wake kutoka kiwandani utasoma nani aliishi wapi zamani za Wabelgiji, wakati mji ukiitwa Jadotville kwa jina la mhandisi Jean Jadot.

Ni hapa, Septemba 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, ambapo kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 150, kilizungukwa na kupigana siku kadhaa hadi risasi na maji vikawaishia. Na si mbali, upande wa magharibi, kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani nyingi iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Usiende kuchungulia huko: ni marufuku, na mionzi haina huruma. Lakini inaniuma kwamba tunapita Likasi dirishani mwa basi, tukiwa na soda mkononi, kama vile dunia haikuwahi kubadilika kwa sababu ya udongo wa pale. Mtoto wa Lubumbashi angepaswa kusimama Likasi angalau mara moja akiambiwa habari hiyo na mtu mzima wa kwao, kabla hajaisoma kwa mgeni.

Kolwezi sitaikalia sana. Ina pesa, ina hoteli, na bei zake zimepangwa kwa ajili ya watu wa kampuni. Ukiwa na ndugu kule, lala kwake, kisha mwende mkaone ziwa la Nzilo, ambako mto Lualaba ulizuiwa katika miaka ya 1950. Vumbi la mji linachosha.

Bunkeya ni habari nyingine. Wengi watasema si mji, ni kijiji kikubwa. Lakini kabla Lubumbashi haijapata hata nyumba moja ya matofali, Bunkeya ilikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara wa asili ya Unyamwezi aliyejenga ufalme wa Wayeke juu ya shaba, pembe za ndovu, chumvi na, tuseme ukweli, watumwa. Misafara yake ilielekea bahari zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, afisa Mbelgiji wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II, kwa sababu alikataa bendera yake. Bodson naye alipigwa risasi palepale, akafa kwa jeraha hilo. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo Wayeke wanauliza kilipelekwa wapi.

Nchi nyingine ingekuwa na mahali kama hapa, ingejenga barabara ya lami na kupeleka kila darasa la sita. Sisi tunapeleka watoto kwenye bustani ya wanyama ya Lubumbashi, mwaka huu na mwaka ujao. Bunkeya bado ina ukoo wa kifalme na ina mwami. Ukifika, usianze na simu ya kupiga picha. Anza kwa salamu, ujitambulishe unatoka wapi na kwa nani, uonyeshwe kwa wazee, na uende na zawadi ya adabu. Mahali penye mfalme panaingiwa kwa kubisha hodi.

Sasa nije kwenye safari ndefu, ile ninayoipenda kuliko zote, ya kuelekea ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 boti mbili ndogo za vita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilisafirishwa kwa reli kutoka Cape Town, zikapita hapa Lubumbashi, zikashushwa Fungurume. Reli iliishia hapo. Kutoka Fungurume zilivutwa na mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zikapanda tena reli kufika Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, kisha reli nyingine ikazifikisha Kalemie. Tarehe 26 Desemba mwaka huohuo ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na utawala wa Wajerumani juu ya ziwa ukaanza kuvunjika. Vitabu vinamtaja sana kamanda wao, Spicer-Simson. Waliokata miti, wakajenga madaraja kwa magogo na kuvuta kamba ni Wakongomani kwa mamia, na majina yao hatuna. Kila ninapopita Fungurume nawafikiria hao.

Mstari ule wa boti unakuambia njia ya likizo bora kuliko tangazo lolote. Leo reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, inakwenda yenyewe mpaka mwisho: Tenke, Bukama, Kamina, Kabalo, Nyunzu, Kalemie. Treni hii ni ya siku, si ya saa, na ratiba yake usiiwekee kiapo. Ila kama una muda, hakuna darasa la nchi linaloipita. Kila stesheni ina chakula chake, na wanawake wanaokileta dirishani wanajua bei kabla hujafungua mdomo. Bukama ndipo pa kuteremka. Lualaba hapo umeshakuwa mto wa boti za mbao, na unateremka kwenda mabwawa na maziwa ya Upemba, nchi ya samaki na ya Waluba wa kale. Makaburi yaliyochimbuliwa Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, yalitoa vyungu na misalaba midogo ya shaba ya watu walioishi hapo karne nyingi zilizopita, wengine zaidi ya miaka elfu. Kabla ya kusafiri, pitia makumbusho yetu ya Lubumbashi uone vyungu vya namna hiyo. Mto utauangalia kwa macho mengine.

Kamina ni mji wa makutano ya reli na askari, utapumzika usiku mmoja na kuendelea.

Na Kalemie! Mtu aliyezaliwa kwenye uwanda wa shaba, akaliona ziwa lile kwa mara ya kwanza, ananyamaza. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani, na ukikaa Kalemie jioni utaona taa za wavuvi zikitoka moja moja kwenda kutafuta ndakala, samaki wadogo. Asubuhi unakula mikebuka na bukari, yaani ugali, samaki aliyekuwa majini usiku uleule, si yule wa barafu tunayeuziwa Kenya, soko letu la hapa Lubumbashi. Kisha nenda ukaone mto Lukuga. Ziwa lote kubwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapo Kalemie: maji yanaingia Lukuga, yanafika Lualaba, yanazunguka nchi nzima mpaka Banana baharini. Nakuhakikishia hutaitazama ramani ya Kongo kama zamani.

Mji wenyewe umeteswa. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilichoulisha kwa miongo, kilifungwa. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia barabarani na majumbani. Vita vya kaskazini vimeleta wakimbizi. Najua kuna watakaosema si vizuri kwenda kustarehe mahali watu wanapoteseka. Mimi naona kinyume. Mama anayekaanga samaki ufukweni anahitaji mteja, na mwenye nyumba ya wageni anahitaji mlango wake ugongwe. Pesa tunayoacha Dubai haitamfikia kamwe. Na tangu Goma na Bukavu zishikwe na waasi wa M23, Januari na Februari 2025, wengi wetu tumefungiwa Kivu, ambako ndugu zetu wapo na ambako zamani tungeweza kwenda kuona ziwa. Miji ambayo njia yake bado iko wazi tuitembelee sasa.

Wazi, lakini kwa akili. Ulizia usalama kwa watu waliopita njia hiyo wiki ileile, hasa ukitaka kupita barabara ya Mitwaba au kuingia ndani ya jimbo la Tanganyika. Chukua kadi ya mpigakura, maana utaombwa. Usipige picha daraja, stesheni wala mgodi. Kulala, nyumba za wageni za mapadri na masista ni safi na za bei nafuu, na maji ya kuoga yapo hata umeme ukikatika. Usiku usisafiri kwa barabara.

Wakati mzuri wa kwenda ziwani ni kiangazi, kuanzia Juni, njia ikiwa kavu. Bunkeya ina siku yake: Wayeke humkumbuka Msiri kila tarehe 20 Desemba, na hiyo ni katikati ya mvua. Ukipanga kwenda siku hiyo, usichukue gari dogo, na fika Likasi siku moja kabla ili uingie barabara ya udongo alfajiri.