Uenyeji wa mashindano na haki za binadamu: sharti liwekwe kabla ya kura

FIFA ilipoipa Qatar Kombe la Dunia la 2022, Desemba 2010, masharti ya zabuni hayakuwa na kipengele cha haki za binadamu. Chini ya mfumo wa kafala, mfanyakazi mgeni hakuweza kuhama kazi bila ruhusa ya mwajiri wake. Sharti hilo lilifutwa 2020, na kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, kikaanza Machi 2021. Wakati huo viwanja vinne kati ya vinane vilikuwa vimeshafunguliwa.

Kila upande huchota hoja humo humo. Wanaotaka uenyeji ufungamane na haki husema bila macho ya dunia sheria hizo zisingeguswa. Wanaopinga huuliza zilimfaa nani, ikiwa zege lilishamwagwa. Huuliza pia nani ana mikono safi: Marekani, mwenyeji mwenza wa 2026, bado inatekeleza hukumu ya kifo. Swali halali, ingawa aghalabu huulizwa na wasiotaka chochote kiulizwe.

Hoja yao nzito ni ile ya mwanamichezo. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 (3:32.2) mwaka 1974 akimwacha John Walker nyuma, hakukimbia. Dhahabu ikaenda kwa Walker huyo huyo, raia wa nchi iliyolengwa, kwa 3:39.17. Kususia huja dakika za mwisho, na gharama humwangukia asiye na kosa. Kwangu hiyo ni sababu ya kuliwahisha sharti la haki za binadamu, si ya kuliacha.

Kuliwahisha ni kuliweka kabla ya kura, tena pakiwa na mshindani. Wagombea wa 2026 walidaiwa mpango wa haki za binadamu, na Morocco ilikuwepo kushindana. Kwa 2034 Saudi Arabia ilibaki peke yake. Tathmini ya FIFA iliita hatari ya haki za binadamu ya wastani, na Desemba 11, 2024 wajumbe wakapitisha kwa makofi. Ripoti ya namna hiyo haimnyimi mtu kitu.

Kinachobaki ni vifungu vya mkataba. Wafanyakazi wengi walifika Qatar na madeni ya ada walizotozwa na mawakala wa ajira kwao, na wakala wa aina hiyo hatoi risiti. Ukidai risiti, hutamlipa mtu. Kamati ya Qatar iliyosimamia viwanja ikaugeuza mzigo wa ushahidi: mkandarasi arudishe pesa hata bila risiti. Mpango mzuri, ila ulihusu hasa kazi za viwanja, huku wengi wakiwa kwenye barabara, metro na hoteli. Vyeti vya kifo navyo vikiandikwa “sababu za kawaida” bila uchunguzi wa maiti, familia haiwezi kuonyesha kuwa joto la kazini ndilo lililoua, na mlango wa fidia unafungwa. Mkataba wa uenyeji ulazimishe uchunguzi huo hadi kwa mkandarasi mdogo wa mwisho, na fedha za fidia zitengwe kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Mfuko wa dola milioni 50 uliotangazwa na FIFA Novemba 2024 kama urithi wa Qatar ulielekezwa kwenye miradi kama ya afya na wakimbizi. Fidia ya waliojenga haikuwemo.