Mlezi naye apokezwe zamu

Nimesoma makala yanayosema, na vyema, kwamba mlezi anayemuuguza mzazi nyumbani avute nguvu katika sala. Hayakusema sala hiyo iingie saa ngapi, na hapo ndipo wengi hapa Mombasa hukwama.

Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Kwa joto la kaskazi shuka hulowa jasho upesi, na ngozi iliyolowa ndiyo huchubuka kwanza: nyongani, matakoni, visiginoni. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vibaki hewani. Palipoiva wekundu pasisuguliwe kamwe, kusugua huumiza nyama ya ndani.

Basi zamu ya kugeuza iwe ndiyo saa ya sala. Zaburi ya 121 ina mistari 8 tu. Isomwe kwa sauti mgonjwa akitulia upande wa pili. Anayengoja apate saa nzima ya ukimya haombi kabisa, kisha hujilaumu, na lawama humchosha kuliko kazi.

Nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Wanajumuiya wa kanisa, tafadhalini! Mnavuka feri hadi Likoni, mnamwombea mgonjwa, mnaondoka, na mlezi hajatia kitu kinywani. Mmoja abaki kwa muda wa saa 3, mlezi alale. Na padri akileta Komunyo, aambiwe mapema kwamba mlezi pia atapokea.