Medali 27 za wanaume, wanaolipa ni mabinti

Msimu wa 2024/25 wa Nordiki kombaindi, ule mchezo wa theluji wa kuruka na skii halafu kukimbia nazo, uliisha Machi 2025, na habari kubwa ikawa Jarl Magnus Riiber kutundika daluga, au kwa huko kwao tuseme kutundika skii. Sawa, anastahili. Jamaa kabeba kombe la dunia mara tano, anaacha akiwa na miaka 27 tu kwa sababu ya ule ugonjwa wa utumbo unaoitwa Crohn, na kabla hajaondoka akachukua dhahabu za ubingwa wa dunia kule Trondheim mbele ya Wanorwei wenzake. Ila kuna habari nyingine ya msimu huohuo imepita kimyakimya na mi naona ndo yenye uzito zaidi: kombe la wanawake limeenda Ujerumani, kwa Nathalie Armbruster, binti wa miaka 19. Misimu mitatu iliyotangulia lilikuwa halitoki Norwei, mara mbili Gyda Westvold Hansen, mara moja Ida Marie Hagen. Safari hii limetoka.

Uzito wake uko hapa. Armbruster na wenzake hawakupewa nafasi ya Olimpiki. Michezo ya Milano Cortina kule Italia, Februari 2026, ilipangiwa wanaume wa Nordiki kombaindi pale Val di Fiemme, wanawake hapana, na huu ndo ulikuwa mchezo pekee kwenye Olimpiki nzima hiyo ya baridi ambao wanawake hawakuwa na hata shindano moja. Wanaume wamo tangu Chamonix 1924, yaani tangu Olimpiki ya baridi ya kwanza kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kuufuatilia: unaruka kwanza na skii kutoka kwenye kilima, unapewa pointi kwa umbali na kwa namna ulivyoruka, halafu pointi zinageuzwa kuwa muda, pointi moja ni kama sekunde nne. Aliyeruka vizuri zaidi anaanza mbio wa kwanza, wengine wanafuata kwa kuachana, wanaume kilomita 10, wanawake 5, na atakayekata mstari kwanza kashinda, hakuna mahesabu tena. Ni mchezo mgumu kwa sababu mwili unaoruka mbali unataka wepesi na mwili unaokimbia unataka injini, sasa wewe uwe navyo vyote.

Uamuzi wenyewe ulitoka tarehe 24 Juni 2022. Kamati ya Olimpiki, IOC, ikasema wanaume wabaki 2026, wanawake wasiingie. Na mi sitaki kujifanya kwamba walikurupuka tu, sababu walizitoa na zingine zina mashiko. Olimpiki ya baridi ina kikomo cha wanamichezo, kwa 2026 ni karibu 2,900, kwa hiyo kila nafasi unayompa mtu umemnyima mwingine. Kwenye ubingwa wa dunia wa kwanza wa wanawake, Oberstdorf 2021, nchi zilikuwa 10 tu, na medali zote tatu zilibebwa na Norwei, mbili kati ya hizo na ndugu wawili wa tumbo moja, Mari na Marte Leinan Lund. Ukiwa wewe ndo umekaa kwenye ile meza na mbele yako kuna michezo kibao inapiga hodi, nchi 10 ni chache, hilo tukubaliane. Vilima vya kurukia navyo ni ghali, havijengwi kila mtaa, kwa hiyo hata ukisema mchezo utaenea haraka utakuwa unajipa moyo. Halafu wakaeleza kwa nini wanaume wamebaki: ilikuwa imebaki miaka mitatu na nusu, vijana walishaanza maandalizi, si vizuri kuwakatia njiani. Hoja ya kibinadamu kabisa, siipingi.

Sasa twende kwenye namba ambayo mimi kila nikiigeuza naona haikai sawa. IOC ilisema kwenye Olimpiki tatu zilizopita, yaani Sochi 2014, Pyeongchang 2018 na Beijing 2022, medali 27 za Nordiki kombaindi zimekwenda kwa nchi nne tu. Ni kweli tupu. Norwei, Ujerumani, Austria, Japani, basi. Na wakaongeza kwamba kwenye hizo Olimpiki tatu mchezo huu ulikuwa wa mwisho kwa watazamaji. Namba nzito. Lakini hebu jiulize, medali 27 za nani? Mashindano matatu, medali tatu kila moja, Olimpiki tatu, hiyo ndo 27 yako, na zote ni za wanaume. Watazamaji wachache walikuwa hawamuangalii nani? Wanaume. Kwenye namba zote mbili hakuna mwanamke hata mmoja ndani yake, na haiwezekani awemo maana hajawahi kuruhusiwa. Yaani wanaume wamefeli mtihani mara tatu mfululizo, matokeo yakasomwa hadharani, halafu waliofeli wakaambiwa nyie endeleeni na darasa, nyie wadada mliokuwa mnasubiri nje rudini nyumbani, mmeona wenyewe matokeo sio mazuri.

Kinachobaki kinachowahusu wanawake wenyewe ni zile nchi 10 na ule ubingwa mmoja wa 2021. Shindano moja tu la dunia! Kombe lao lilikuwa limeanza Desemba 2020 pale Ramsau Austria, na msimu ule ulikuwa na mbio moja tu, korona ilishafagia nyingine, mbio hiyo akashinda Mmarekani, Tara Geraghty-Moats. Kwa hiyo mshindi wa kwanza kabisa wa kombe la dunia hakuwa hata Mnorwei. 2023 kule Planica, Armbruster akiwa bado mtoto wa shule akachukua fedha ya dunia. Msimu wa 2024/25 kombe lenyewe likawa lake. Ile picha ya Oberstdorf imeshapitwa, lakini uamuzi uliotokana nayo uliachwa ufanye kazi mpaka 2026.

Halafu kuna hili la nchi moja kutawala, kama kweli ndo kosa basi tulihesabu kwa wote. Uholanzi kwenye Sochi 2014 ilibeba medali 23 kati ya 36 za mbio za barafu, hakuna aliyesema mchezo ufungwe. Luji, kile kigari cha kulalia kinachoshuka kwenye mfereji wa barafu, Beijing 2022 dhahabu zote nne zilikwenda Ujerumani, na Sochi ilikuwa hivyohivyo, zote nne. Walifanywa nini? Siku ileile ya Juni 2022, kikao kilekile, luji wakaongezewa shindano jipya la wanawake wawiliwawili, ambalo nalo lilikuwa changa vilevile. Mi sina ugomvi na wale wadada wa luji, wamepata na wafurahi. Ila mzani uliotumika kwa mmoja mbona haukutumika kwa mwingine?

Sisi huku tunalijua hili kuliko watu wengi. Mita 3000 kuruka viunzi na maji, wanaume, kuanzia Mexico 1968 mpaka Rio 2016 Kenya ilishinda dhahabu kila Olimpiki iliyokwenda, ni zile mbili za 1976 na 1980 za kususia ndo ilikosekana. Barcelona 1992 na Athens 2004 walifagia zote tatu (mmoja wa wale wa Barcelona ni Patrick Sang, leo ni kocha wa Kipchoge). Sasa fikiria mtu angekuja mwaka 2005 akasema wanawake wasiingizwe kwenye hizo mbio kwa sababu wanaume wa Kenya wanazimaliza medali. Wangemcheka. Mwaka huohuo Helsinki yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake ya mbio hizo, akashinda Dorcus Inzikuru wa Uganda, na kufika Beijing 2008 wanawake wakawa Olimpiki, Eunice Jepkorir akaleta fedha Kenya. Miaka mitatu tu. Najua mtu atasema riadha ina watazamaji wake tayari na mbio moja haihesabiwi peke yake, wakati Nordiki kombaindi inasimama kivyake na kuhesabiwa kivyake. Ni kweli, tofauti ipo. Ila hoja ya nani anabeba medali haibadiliki kwa sababu ya tofauti hiyo.

Jambo lingine ambalo watetezi wa uamuzi hawapendi kukaa nalo ni hela. Mashirikisho mengi ya michezo ya baridi yanaishi kwa pesa za serikali na kamati za Olimpiki za nchi zao, na pesa hizo zinafuata Olimpiki. Ukitoka kwenye programu ya Olimpiki, bajeti ya wanawake inakuwa ya huruma, kocha ni yuleyule wa wanaume akipata muda. Kisha IOC ikasema kwa ajili ya 2030 tutaangalia tena, tunataka nchi ziongezeke na watazamaji waongezeke. Ni kama yale matangazo ya kazi yanayotaka uzoefu wa miaka mitano kwa mtu aliyemaliza chuo juzi. Na wanamichezo wanajua kusoma mazingira. Geraghty-Moats, yule mshindi wa kwanza, alihamia biathloni, mchezo wa skii na kulenga shabaha kwa bunduki. Annika Sieff, Mtaliano, tena binti wa hukohuko Val di Fiemme ambako mashindano ya wanaume ya 2026 yalipangwa, akaacha mbio akahamia kwenye kuruka peke yake kwa sababu kuruka kuna Olimpiki. Mchezo umempoteza mtoto wa nyumbani wa uwanja wenyewe, baada ya hapo unaulizwa mbona nchi zenu haziongezeki.

Marekani kuna Annika Malacinski na mdogo wake wa kiume Niklas, wote wanacheza mchezo huu. Niklas alikuwa na njia ya kwenda Olimpiki ya 2026, dada yake hakuwa nayo, na Annika kalisema hili hadharani sana, kwa hilo nampa heshima maana kupiga kelele dhidi ya wanaoshika kalamu sio rahisi.

Na jamani hii sinema si mpya. Kuruka na skii kwenyewe wanawake walizuiwa mpaka Sochi 2014. Kabla ya Vancouver 2010 warukaji wanawake wakaenda mahakamani British Columbia, jaji akasema ni ubaguzi, kabisa, ila akasema sheria ya Kanada haina nguvu juu ya IOC, wakakosa. Wakati huo Lindsey Van wa Marekani alikuwa anashikilia rekodi ya kile kilima cha Whistler cha mashindano hayohayo, na alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia, Liberec 2009. Sababu za wakati ule? Nchi chache, kiwango bado, mchezo mchanga. Leo wanawake wanaruka Olimpiki na 2026 wameongezewa hata kilima kikubwa, na hakuna anayekumbuka zile sababu zilikuwa zinaogopa nini.

Upande mmoja ambao unanisumbua kweli, na hapa IOC wana hoja ambayo mashabiki hawaitaki: usawa unaweza kupatikana pia kwa kuwaondoa wanaume. Dalili zipo. Nafasi za wanaume zimeshushwa kutoka 55 mpaka 36 kwa 2026. Michezo hiyo ilitangazwa kuwa na wanawake asilimia 47, ya juu kuliko Olimpiki zote za baridi zilizoitangulia, na kila akitajwa mwanamke asiyekuwepo ni huyu wa Nordiki kombaindi, ni doa, na doa hufutwa kwa kufua au kwa kutupa nguo. Kwa hiyo kuna wanaosema wadada wapunguze kelele wasije wakauua mchezo mzima. Mi naona ni kinyume. Shirikisho la skii, FIS, limeshaanza kuhangaika, limeleta mbio za kuanza pamoja ambapo unakimbia kwanza ndo uruke, limeleta mtindo ambao nafasi za kuanzia zinabanwa ili mbio zisiishe kabla hazijaanza, yote hayo kwa sababu mashindano ya wanaume yalikuwa yanatabirika, Riiber akiruka watu wanabadilisha chaneli. Hao wanaojitahidi kuokoa jahazi wanahitaji kitu kipya cha kuonyesha, na kipya walichonacho ni hawa mabinti, pacha wa Kijapani Haruka na Yuna Kasai, Lisa Hirner wa Austria, Wafini wanaochipukia. Kuwatupa nje ndo kuuzika mchezo.

Tatizo ni kwamba hesabu ya 2030 ilipangwa kufanyika baada ya Val di Fiemme 2026, na kwenye Val di Fiemme waliopangwa kupimwa ni wanaume tena. Watu wakiwasha tivii kumuangalia Vinzenz Geiger, Mjerumani wa upande wa wanaume, mlango wa Armbruster ungefunguka kidogo. Wakilala, ungefungwa, na yeye hajagusa theluji. Basi angalau watenganishe. Watoe watazamaji wa kombe la dunia la wanawake peke yake, watoe idadi ya nchi za wanawake msimu kwa msimu kuanzia Ramsau 2020 hadi sasa, waweke pembeni ya za luji ya wawiliwawili walizozikubali siku ile, tuone. Zikiwa mbovu nitanyamaza, ila ziwe zao.