Mbao wangekwenda Afrika, tungepoteza nini?

Mei 27, 2017, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Dakika 90 za fainali ya Kombe la FA kati ya Simba na Mbao FC ya Mwanza zilikwisha bila bao. Dakika ya 95 Frederic Blagnon akaifungia Simba. Dakika ya 109 Ndaki Robert akasawazisha, na pale kwenye kibanda umiza nilipokuwa nimebanana na wenzangu tukaanza kuulizana nani atapiga tuta la kwanza. Hatukufika huko. Mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza Simba wakapata penalti. Jamaa aliyekaa benchi la mbele yangu, jezi nyekundu imemganda mgongoni kwa jasho, alishindwa kutazama. Aligeukia ukuta, akaweka paji la uso kwenye mabati, akasubiri kelele zimwambie. Shiza Kichuya akafunga, ikawa 2-1.

Kilichokuwa kinagombewa hakikuwa kombe peke yake. Mashindano haya yalirudishwa msimu wa 2015/16 baada ya kupotea kwa zaidi ya miaka kumi, na bingwa wake alipewa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba walikuwa hawajacheza michuano ya Afrika tangu 2013. Kwa hiyo penalti ile iliwafungulia mlango, na Mbao wakafungiwa.

Tulipotoka nje ukaanza ubishi ambao mpaka leo naukuta vijiweni. Mmoja akasema tumshukuru Mungu, maana Mbao wangetuaibisha Afrika. Mwingine akamjibu kwamba timu iliyofika fainali kwa haki haimwaibishi mtu. Swali lao ni la msingi: tiketi hii apewe bingwa wa mtoano, au ipewe timu inayoshika nafasi ya pili kwenye ligi?

Hoja ya upande wa kwanza si ya kubeza. Mbao walipata nafasi ya kupanda Ligi Kuu baada ya timu za kundi lao kuadhibiwa kwa kashfa ya upangaji matokeo mwaka 2016. Huo ndio ulikuwa msimu wao wa kwanza, na mpaka siku ya mwisho ya ligi, Mei 20, walikuwa bado wanapigania kubaki. Walibaki kwa kuifunga Yanga 1-0 kwenye uwanja wao wa Kirumba, ilhali ndugu zao wa Mwanza, Toto Africans, wakashuka. Ligi ni mechi 30, inapima kikosi, benchi na mfuko. Mtoano unaweza kukufikisha mbali kwa siku moja nzuri: nusu fainali Mbao waliitoa Yanga 1-0 kwa bao la kujifunga. Na pointi za Shirikisho la Soka Afrika (CAF) ni mali ya nchi nzima. Simba walipofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018/19, Tanzania ikapata nafasi nne za msimu uliofuata. Anayejali pointi hizo ana sababu ya kutaka tupeleke wenye nguvu.

Ila mimi nikiangalia yaliyotokea misimu ile ya mwanzo, naona hofu hiyo imekuzwa kuliko ukweli wake. Mwaka 2016 Yanga walichukua ligi na kombe, wakaifunga Azam 3-1 fainali, hivyo Azam wakaenda Shirikisho kama washindi wa pili wa kombe. Ligi nayo ilikuwa imewaweka Azam nafasi ya pili. Mwaka 2017 Yanga na Simba walimaliza ligi wakiwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Maana yake hata bila penalti ya Kichuya, kanuni ya mshindi wa pili wa ligi ingewapeleka Simba. Misimu miwili mfululizo njia zote mbili zilifika kwenye timu zilezile.

Zilikuja kuachana 2018. Simba, mabingwa watetezi, walitolewa mapema kabisa, Desemba 2017, na Green Warriors wa Daraja la Pili kwa matuta. Juni, kwenye fainali jijini Arusha, Mtibwa Sugar wakaifunga Singida United 3-2. Azam na Yanga, walioshika nafasi ya pili na ya tatu kwenye ligi, wakabaki nyumbani. Hapo ndipo wenye hoja ya kwanza wanaponionyesha kidole: Mtibwa walitolewa na KCCA ya Uganda kwa jumla ya mabao 5-1.

Ni kweli. Lakini kabla ya KCCA Mtibwa walikuwa wameitoa Northern Dynamo ya Shelisheli, 4-0 na 1-0. Azam walipopata tiketi hiyohiyo 2017, wakiwa na fedha, wachezaji wa kulipwa na uwanja wao Chamazi, walitolewa na Mbabane Swallows ya Eswatini katika raundi ileile waliyoanzia: walishinda 1-0 nyumbani, wakapigwa 3-0 ugenini. Simba ndio walioifanyia tiketi ile heshima zaidi, kwani 2018 walitoka na Al Masry ya Misri bila kufungwa, 2-2 Dar es Salaam na 0-0 Port Said, wakaondolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Kwa mifano hii mitatu siwezi kusema nafasi kwenye ligi ndiyo inayopima nani atavuka Afrika.

Jambo ambalo linanisumbua kweli kuhusu timu ndogo ni nauli. Ili Mtibwa waruhusiwe kucheza, kwanza ilibidi walipe faini ya CAF iliyotokana na kutosafiri kwenda Afrika Kusini kurudiana na Santos mwaka 2004. Timu ya kiwanda cha sukari, yenye mishahara ya uhakika, ilikwama kwenye safari moja. Mbao wangefanyaje? Hilo ni tatizo halisi, na anayelitaja hana ubaya na Mbao. Lakini dawa yake ni shirikisho la soka la nchi na wadhamini kumhakikishia bingwa wa kombe gharama za safari za ugenini tangu siku anayokabidhiwa kikombe. Ukimnyang'anya tiketi kwa sababu hana nauli, umemwadhibu kwa umaskini wake.

Na ukiiondoa tiketi, sioni kombe hili likibaki na uzito. Uzito huo ndio uliowaweka Mbao pale Kirumba wakiamini wanaweza kuitoa Yanga, na ndio uliompa kocha Mrundi wa Mbao, Etienne Ndayiragije, kitu cha kuwaambia vijana wake wakati huohuo wanapigania kutoshuka. Miaka miwili baadaye Lipuli waliitoa Yanga 2-0 pale Samora, Iringa, wakacheza fainali na Azam huko Lindi, wakafungwa 1-0. Iringa na Mwanza zinastahili siku kama hizo, na ligi haiwapi.

Mbao walishuka daraja mwaka 2020, baada ya kushindwa na Ihefu kwenye mechi za mchujo. Afrika hawakuwahi kuifika. Kati ya bao la Ndaki na penalti ya Kichuya zilipita kama dakika kumi na moja, na kwa muda huo walikuwa matuta matano tu kutoka huko.