Samaki Aliyeoza Alikuwa Kwingine

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Msemo huu niliusikia sana shuleni, mtoto mmoja akipiga kelele na darasa zima likapigishwa magoti. Sikuwahi kuupenda. Lakini nikisoma Wajapani wa Marekani walivyoondolewa makwao na kufungwa kambini katika Vita Kuu ya Pili, naona hata msemo huo una afadhali: angalau unataka kwanza apatikane samaki mmoja.

Shambulio lenyewe linajulikana. Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, ndege za Japani zilianza kuishambulia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Zilikuwa 353, zimeruka kutoka meli sita za kubebea ndege, na vita ilikuwa haijatangazwa. Shambulio lote halikuchukua hata muda wa saa mbili. Wamarekani 2,403 walipoteza maisha, 1,177 kati yao katika manowari moja tu, Arizona. Simtetei mtu hapo. Hasira ya Wamarekani ilikuwa halali kabisa. Ninachouliza ni kwa nini iliwashukia watu ambao asubuhi ile walikuwa California wakimwagilia mboga.

Tarehe 19 Februari 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri namba 9066. Ukiisoma hutaona neno Mjapani hata mara moja. Inalikabidhi jeshi mamlaka ya kutenga maeneo na kumwondoa humo mtu yeyote, basi. Ni matangazo yaliyobandikwa mitaani baadaye yaliyosema wazi: watu wote wenye asili ya Kijapani, wageni na wasio wageni, waondoke. Wasio wageni! Sasa mtu asiye mgeni katika nchi anaitwaje? Sisi tunamwita raia. Aliyeandika tangazo lile alilijua neno hilo vizuri, akalizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi la matope.

Waliondolewa watu wapatao 120,000, na theluthi mbili yao walizaliwa Marekani, yaani raia kamili. Wazazi wao hawakuwa raia kwa sababu walikatazwa kuwa. Sheria ya mwaka 1790 iliruhusu wahamiaji weupe tu kupewa uraia, na mwaka 1870 wakaongezwa watu wa asili ya Kiafrika. Kwa hiyo Mwafrika angeweza kuomba, angalau kwenye karatasi, lakini si Mjapani. Takao Ozawa, aliyekuwa ameishi huko miaka zaidi ya ishirini, alifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 1922 akaambiwa kwamba yeye si mweupe, kwa hiyo hawezi kupewa uraia. Mlango huo haukufunguliwa hadi mwaka 1952. Halafu vita ilipokuja wazee hao wakaambiwa wanashukiwa kwa kuwa ni raia wa nchi adui. Unamfungia mtu mlango, kisha unamuuliza kwa nini amelala nje.

Jenerali John DeWitt, mkuu wa ulinzi wa Pwani ya Magharibi, ndiye aliyeshinikiza watu waondolewe. Hakuwa na ushahidi wa hujuma. Basi akaandika, Februari 1942, kwamba huku kutokuwepo kwa hujuma hadi siku ile ni dalili ya kutia wasiwasi na kuthibitisha kwamba hujuma itafanyika. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, bado inanishangaza. Mbele ya mtu wa namna hiyo huna pa kutokea. Ukifanya ubaya una hatia, usipofanya una hatia zaidi, maana unajificha.

Na sasa turudi Hawaii, kwa sababu hapo ndipo hoja ya usalama inapoanguka kifudifudi. Siku ile ile ya shambulio, rubani mmoja wa Japani alianguka katika kisiwa kidogo cha Niihau. Mkazi mmoja wa kisiwa hicho, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani, alimsaidia kupata silaha na kuwatisha wanakijiji. Baada ya siku chache rubani aliuawa na wenyeji, na aliyemsaidia akajiua. Kwa hiyo ndiyo, samaki mmoja alioza. Alioza Hawaii, kule kule zilikoanguka bomu.

Na Hawaii ilikuwa na watu wenye asili ya Kijapani kama 158,000, zaidi ya theluthi ya wakazi wote. Je, walikusanywa wakafungwa? Hapana. Visiwa viliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, wote wakabanwa, lakini waliowekwa kizuizini hawakufika hata asilimia 2 ya Wajapani wale. Jenerali Delos Emmons, gavana wa kijeshi, alivuta miguu kila alipotakiwa kuwahamisha kwa wingi. Nani angekata miwa? Nani angejenga upya bandari iliyobomolewa? Walihitajika, kwa hiyo wakaaminika.

California, kilomita kama 3,800 kutoka Pearl Harbor, hawakuhitajika. Tena walikuwa wanakera, kwa sababu walilima vizuri. Sheria ya mwaka 1913 iliwanyima wahamiaji hao haki ya kumiliki ardhi, wakakodi mashamba, wengine wakaandikisha ardhi kwa majina ya watoto wao, na sokoni wakawa washindani wakali. Kiongozi wa chama cha wakulima na wasafirishaji wa mboga wa Salinas alisema mwaka 1942, bila haya, kwamba wanatuhumiwa kutaka kuwaondoa Wajapani kwa masilahi yao wenyewe, na kwamba ni kweli, wanataka. Kufa kufaana. Wajerumani na Waitaliano wa Marekani, ambao asili yao pia ilikuwa nchi adui, waliokamatwa walikamatwa mmoja mmoja. Hakuna aliyefungasha pwani nzima ya Waitaliano.

Watu waliruhusiwa kubeba kile tu walichoweza kukibeba kwa mikono yao. Friji, magari na zana za kilimo viliuzwa kwa bei ya kutupa kwa wanunuzi waliopita mlango kwa mlango. Wengi walipelekwa kwanza kwenye viwanja vya mbio za farasi kama Santa Anita na Tanforan, familia zikalala katika vibanda vya farasi vilivyopakwa chokaa juu juu. Kisha wakasambazwa katika kambi kumi, nyingi zikiwa jangwani, zenye seng'enge na minara ya walinzi. Manzanar peke yake ilibeba watu kama 10,000, na vumbi lake liliingia hadi kwenye sahani.

Mwaka 1943 jeshi lilitafuta vijana wa asili ya Kijapani wa kujitolea. Hawaii, ambako wazazi wao walikuwa huru, walijitokeza karibu 10,000. Kambini walijitokeza kama 1,200. Mimi hao 1,200 ndio siwaelewi, na ninawavulia kofia.

Fred Korematsu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikataa kwenda, akakamatwa. Alitiwa hatiani, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo kwa majaji sita dhidi ya watatu. Ilichukua hadi mwaka 1983 hukumu yake kufutwa, baada ya kugundulika kwamba serikali iliificha mahakama taarifa za wapelelezi wake yenyewe zilizosema Wajapani hao si tishio. Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya kuwaomba radhi na kuwalipa waliokuwa bado hai dola 20,000 kila mmoja. Waliokuwa bado hai, baada ya miaka zaidi ya arobaini.

Ninaowafikiria zaidi ni wavuvi wa Terminal Island, karibu na Los Angeles. Walikuwa kama 3,000, wanaume wakivua, wanawake wakifanya kazi katika viwanda vya kusindika samaki, hata Kiingereza chao kilikuwa na lafudhi ya peke yake. Februari 1942 walipewa saa 48 wawe wameondoka. Nyumba zao zikabomolewa na jeshi la majini. Kambi zilipofungwa wakaambiwa wako huru kurudi makwao, na pale kijijini hapakuwa tena na mlango wa kupigia hodi.