Jina la Mzimamoto Aliyefia Vitani

Jana asubuhi, nikienda kazini hapa Bronx, nilimkuta kijana wa zimamoto akisugua bamba la shaba mlangoni mwa kituo chao. Nilimsalimu, nikamwuliza kama wapo wenzao waliofia vitani, naye akanitajia jina bila kusita: Christian Engeldrum, wa kikosi cha gari la ngazi namba 61. Alikuwa mzimamoto wa jiji la New York na wakati huohuo sajenti wa jeshi la akiba, ambaye Novemba 29, 2004 aliuawa Iraki kwa bomu lililotegwa barabarani, akiwa na miaka 39. Kijana yule hakuwahi kufanya kazi naye, lakini alimtaja kama mtu amtajavyo kaka yake.

Nilishinda siku nzima nikimfikiria mjomba. Alikuwa askari wa zimamoto mjini kwetu, Tanzania. Kagera ilipovamiwa mwaka 1978 alijiunga na mgambo, akavuka mpaka pamoja na wenzake, na mwaka 1979 akafia Uganda. Bibi alibaki na mkanda wake wa kazi, na bizimu yake ya shaba aliing'arisha kwa majivu na ndimu mpaka naye alipofariki. Nilipokwenda likizo mwaka juzi nilipita kituoni kwake, na mkuu wa zamu akaniuliza, kwa heshima zote, huyo alikuwa nani. Ndiyo maana ninaomba na pale kituoni liwekwe bamba lenye jina lake.

Wapo watakaosema nimelewa Umarekani, na kwamba aliyekimbilia mbali hana haki ya kuwapangia waliobaki. Sijasema hata kidogo kwamba watu wa huku wanatuzidi utu. Kila Julai 25, Rais wetu anapoweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, huku kwetu ni usiku wa manane, nami huamka nikatazama kwenye simu mpaka mwisho, na machozi hunitoka. Lakini pale tunawakumbuka wote kwa pamoja, na mimi ninamtafuta mmoja.

Mwingine atasema kituo kinachopeleka gari bila maji hakiwezi kuhangaikia shaba. Habari ya maji naijua kama mnavyoijua. Ila ukuta wa kituo hicho hicho una jiwe la msingi la marumaru, limechongwa vizuri jina la kiongozi aliyekifungua. Kwa hiyo kuchonga tunaweza. Na maandishi ya Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Sisi nyumbani tumelikumbuka, maana mwanangu wa kwanza ndiye analo, lakini aliowazimia moto hawalijui.

Ninaomba bamba moja tu pale mlangoni: jina, cheo, mwaka. Ndugu zangu wamekubali kuchanga na fundi yupo. Tunasubiri ruhusa.